Mawe yanayoota kwenye meno



Mwezi huu tunaanza na barua. Kijana mumoja wa miaka 24, anayechimba kasiteriti upande wa Walikale, ametuandikia kurasa mbili za kaye. Anaimba katika kwaya, lakini anasema siku hizi anaimba na mukono mbele ya mudomo. Ufizi wake unatoka damu kila asubuhi. Mudomo unanuka hata siku ambayo amekula tu ndizi. Meno ine ya mbele, ya chini, yameanza kutikisika, na nyuma yao kuko kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kama udongo uliokaukia kwenye jiwe. Amejaribu majivu. Amejaribu muchanga laini wa mutoni. Siku moja alichukua ncha ya kisu; kipande kimoja kikaruka, damu ikatoka mingi, akaogopa na kuacha. Kisha akaenda kwa mutu anayeng'oa meno karibu na soko. Yule hakuangalia sana. Akamwambia: "Yote ine inatoka. Lete tu franka." Sasa kijana anatuuliza: "Ile meno haina tundu hata moja. Haiko nyeusi, hainiumi. Ning'oe ama nising'oe?"

Asubiri kwanza. Tutarudi kwake mwishoni, juu jibu lake haliwezi kueleweka kama hatujaangalia ile kitu ya kahawia ni kitu gani.

Wewe mwenyewe unayesoma, chukua kioo, simama mahali pa mwangaza, ufungue mudomo. Usiangalie meno ya mbele unayoonyesha watu wakati wa kucheka. Angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale ulimi unapogusa. Kiisha vuta shavu, uangalie magego ya juu kwa upande wa nje. Watu wengi watakuta pale mustari wa njano ama wa kahawia, karibu na ufizi. Pitisha ukucha. Kama ni laini na unatoka sawa uji, huo ni ukoga. Kama ni mugumu na ukucha unateleza juu yake, huo ni ugaga, na waganga wa meno wanauita tartari.

Tofauti ya hivi vitu viwili ndiyo habari yote. Wewe unayefanya kazi ya shimo unaijua kuliko mwalimu yeyote. Jioni, udongo ukingali mubichi kwenye jembe, unaupangusa kwa majani tu. Ukiuacha siku tatu juani, majani hayawezi tena, unatafuta chuma ya kuupiga. Ukoga ni ule udongo mubichi. Ni vijidudu, mamilioni kwa mamilioni, vinavyojishika kwenye jino na kujifunika na utelezi wao. Brosi inauondoa, hata kijiti kinauondoa. Lakini mate yetu yako na kalsiumu na fosfati, vitu vya namna ile ile vinavyojenga mifupa. Ukoga ukikaa bila kuguswa, mate yanauingiza zile chumvi, na unaanza kuwa jiwe. Kwa watu wengine unaanza kuganda katika siku moja mpaka tatu. Karibu juma mbili, jiwe limekwisha kukomaa.

Ndiyo maana tumekuambia uangalie pale nyuma ya meno ya chini na pale kwenye shavu. Ni pale matundu ya mate yanapofungukia. Mahali mate yanatoka mengi, ndipo mawe yanaota mengi. Haiko laana, haiko urithi wa ukoo fulani, na haiko kwamba mutu ni muchafu kuliko wenzake wote. Hata mutu anayepiga brosi kila siku anaweza kukuta jiwe pale, kama mukono wake hauna desturi ya kufika nyuma.

Jiwe lenyewe halina sumu kali. Ubaya wake ni kwamba linaparuza, liko na mashimo madogo, na ukoga mubichi unapata pale nyumba nzuri ambayo brosi haifiki. Ule ukoga hai ndio unakasirisha ufizi. Ufizi unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Polepole unaachana na jino, panakuwa kamufuko. Kwa mutu mwenye afya, nafasi kati ya jino na ufizi ni milimita 1 mpaka 3. Ikifika 4 na zaidi, brosi haiwezi kusafisha kule chini, na ugaga mwingine unaota ndani ya kamufuko, mweusi, umeshikana na muzizi. Sasa mufupa unaoshika jino unaanza kuliwa. Na mufupa ule, ukisha kuliwa, haurudi wenyewe. Mutu hasikii maumivu. Anasikia tu siku moja kwamba jino linacheza.

Watu wanapenda kusema: "Damu ya ufizi ni kukosa vitamini." Kuko wakati ni kweli, lakini mara nyingi sivyo. Mwaka 1965, katika muji wa Aarhus kule Danimaki, profesa Harald Løe aliomba watu 12, wengi wao wanafunzi wa kazi ya meno, waache kabisa kusafisha midomo yao. Walikula vizuri, hawakukosa kitu. Kati ya siku 10 na 21, wote 12 walikuwa na ufizi uliovimba. Waliporudilia kusafisha, ufizi ukapona karibu kwa juma moja tu. Kumbe damu ile ya kwanza ni alama ya ukoga, na inapona. Weka neno hili moyoni, juu wengi wanapoona damu wanaacha kupiga brosi, wakifikiri brosi imewaumiza. Hapo wanaachia ukoga njia.

Kuko habari nyingine inayotugusa karibu zaidi, sisi watu wa makare na mashamba. Huyo Løe na wenzake walifuata wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai kule Sri Lanka, tangu 1970 mpaka 1985. Watu hao hawakuwa na munganga wa meno, na hawakuwa na desturi ya brosi. Wote walikuwa na ukoga na ugaga mwingi. Lakini meno yaliyotoboka yalikuwa karibu hakuna. Unaona inavyofanana na barua yetu: meno mazima, hayana tundu. Basi, nini kiliwapata? Watu 11 kwa 100 hawakupata hasara kubwa. Watu 81 kwa 100 walipoteza mufupa polepole, na walipofika miaka 45 walikuwa wamepoteza karibu meno saba. Na watu 8 kwa 100, wale waliokuwa na mwili dhaifu kwa ugonjwa huu, walianza kupoteza meno kabla ya miaka 25. Walipofika miaka 45, mudomo ulikuwa mutupu.

Utafiti uliofanyika miaka ya 1980 huku kwetu Afrika ya Mashariki, kwa watu wazima wa Tanzania na wa Machakos kule Kenya, ulionyesha jambo la namna hiyo: ukoga na ugaga kwa karibu kila mutu, lakini uharibifu mukubwa kwa sehemu tu ya watu. Ninasema hivi ili usipate hofu bure. Kuwa na jiwe kwenye meno hakumaanishi utabaki bila meno. Lakini kijana wa miaka 24 ambaye meno yake ine yanatikisika tayari, huyo anaweza kuwa katika wale 8. Kwa mutu wa namna hiyo kungoja kuna bei kali.

Sasa tuje kwenye kusafishwa kwenyewe, kazi ambayo waganga wanaiita detartraji. Wengi katika Masisi na Walikale hawajapata kuiona. Wanajua munganga wa meno ni mutu mwenye koleo. Kumbe koleo ni kazi yake ya mwisho.

Unakaa kitini, anaangalia kwa kioo kidogo, anapitisha kachuma kembamba chenye alama za milimita kandokando ya kila jino, kupima mifuko. Hiyo peke yake inakuonyesha kama umefika kwa mutu aliyejifunza: anayeng'oa bila kupima, ujiulize. Kisha anachukua vyuma vidogo vyenye ncha iliyopinda, anaingiza ncha chini ya jiwe na kulivuta kuelekea juu, mbali na ufizi. Jiwe linatoka vipande vipande, utalisikia likilia kwenye jino. Mahali penye umeme anaweza kutumia mashini ambayo ncha yake inatikisika mara 25,000 na zaidi kwa sekunde moja, huku inamwaga maji. Mashini inaenda mbio, lakini mukono uliofundishwa nao unafanya kazi nzuri. Kama kuko ugaga wa chini, kwenye mizizi, anaweza kupiga shindano ya kufisha ufizi, na kazi inaweza kuomba siku mbili ama tatu. Mwishoni anasugua meno ili yawe laini, ukoga usipate mahali pa kushika upesi.

Damu itatoka. Usiogope: ufizi uliovimba unatoka damu ukiguswa, na siku mbili tatu baadaye inaisha. Maji ya baridi yatakushitua meno kwa siku kadhaa, pengine juma chache, juu mizizi iliyokuwa imefunikwa na jiwe sasa iko wazi. Na utaona nafasi kati ya meno ambazo hukuziona mbele.

Hapa ndipo maneno ya sokoni yanatokea. "Fulani alisafishwa meno, kiisha yakalegea yote. Usiende!" Nimesikia hilo mara nyingi, na ninaelewa linatoka wapi. Jiwe likiwa kubwa linashikanisha meno kama simenti mbaya. Mufupa umekwisha kuliwa chini, lakini ile simenti inaficha. Ukiliondoa, mutu anahesabu kwamba munganga ndiye amelegeza. Ukweli ni kwamba jino lilikuwa limelegea tangu zamani. Baada ya kusafishwa, ufizi unakaza tena, na meno mengi yaliyocheza kidogo yanatulia. Yale yaliyocheza sana, kwenda mbele na nyuma na kushuka chini ukiyafinya, hayo pengine hayatapona, na munganga mwaminifu atakuambia.

Wengine wanasema kusafishwa kunaondoa ngozi ya jino. Hapana. Ugaga haukuwa sehemu ya jino. Kinachoondoa ngozi ya jino ni yale mambo tunayofanya nyumbani: kusugua na muchanga, na tofali lililosagwa, na sabuni ya unga, kupaka ndimu ama dawa ya kung'arisha nguo. Ndimu inakula jino mbele haijala jiwe. Kisu na musumari vinachana ufizi, vinavunja kona ya jino, na mukono ukiteleza vinaingia chini ya ulimi. Kuhusu muwa, ambao watoto wanasema unasafisha meno: unapangusa kidogo, lakini unaacha sukari. Ugaga hautoki kwa muwa.

Lakini siyo kila rangi ya kahawia ni ugaga, na kwa watu wa Masisi jambo hili ni la maana. Kama ulizaliwa upande wa Sake, ama katika vijiji vinavyokaribiana na Nyiragongo na Nyamulagira, pengine meno yako yako na madoadoa meupe kama chaki, ama ya kahawia, na wadogo wako pia. Moshi wa volkano unachukua floridi. Mvua inaiangusha katika vituku na mapipa ya maji, na chemchemi nyingine zinaitoa katika mawe ya volkano. Watafiti wa Observatoire Volcanologique de Goma ni kati ya wale walioandika juu ya maji hayo. Mutoto akikunywa floridi nyingi wakati meno yake yanajengwa bado katika taya, miaka ya kwanza mpaka karibu minane, rangi inaingia ndani ya jino lenyewe. Haiko ukoga, haiko ugaga, haiko uchafu wa mama yake. Detartraji haiondoi, na mutu akijaribu kuiondoa kwa kisu anajiharibu bure. Alama yake: madoa yako mbele ya jino, pande zote mbili sawasawa, ukipitisha ukucha ni laini ama kuna tumashimo tudogo, na yamekuwako tangu mutoto. Ugaga uko karibu na ufizi, unapanda juu ya jino kama ganda. Kisha kuko rangi ya tumbaku na ya chai. Hiyo inakaa juu juu, na inatoka pamoja na kusafishwa.

Nimetaja tumbaku. Wavutaji, musikilize: sigara inafunga mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo ufizi wa muvutaji unatoka damu kidogo hata kama ni mugonjwa sana. Anasema "mimi sina damu", kumbe mufupa unakwisha. Alama yenyewe imenyamazishwa.

Sasa, ni wapi mutu wa kwetu atapata kazi hiyo? Tusidanganyane. Katika taarifa yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilihesabu kwa Afrika waganga wa meno 0.33 tu kwa watu 10,000. Ni kama munganga mumoja kwa watu 30,000, karibu mara kumi chini ya hesabu ya ulimwengu, na wengi wao wanakaa katika miji mikubwa. Huku kwetu, barabara zinafunga na kufunguka. Mwaka 2025 vita vilifika mpaka Walikale-centre katika mwezi wa tatu, na familia ngapi zilikimbia bila hata kubeba sufuria, sembuse brosi. Watu wa Walikale wanakumbuka pia miaka ya 2000, ndege ndogo zilipokuwa zinatua juu ya barabara pale Kilambo kubeba kasiteriti ya Bisie kuifikisha Goma. Jiwe la udongo lilipata ndege. Mutu mwenye jiwe la mudomoni alienda kwa mguu.

Hata hivyo kuko njia, na zinaanza karibu. Uliza kwanza kwenye sante yako, kwa infirmiye titulere, kama katika zoni yenu ya afya kuko mutu aliyejifunza kazi ya meno, ama kama kuko siku ambayo munganga wa meno anapita kwenye lupitali kubwa ya zoni. Mara nyingi anajua, lakini hakuna mutu anayemuuliza. Watu wanamuuliza malaria na kuzaa tu. Na kazi ya ugaga wa juu haiombi mashini kubwa. Murray Dickson, munganga wa meno wa Kanada, aliandika mwaka 1983 kitabu kwa ajili ya watumishi wa afya wa vijijini, Where There Is No Dentist, na ndani yake anafundisha kuondoa ugaga kwa vyuma vya mukono. Infirmiye aliyefundishwa na mwenye vyuma safi anaweza. Niseme maoni yangu: mapedeje na kooperative zinazokusanya franka kwa ajili ya pampu na mafuta zinaweza kukusanya pia kwa kumuita munganga wa meno siku tatu kwa mwaka. Kumusafirisha mutu mumoja kuja kare ni rahisi kuliko kusafirisha watu mia moja kwenda Goma.

Neno la vyuma safi nitalirudia, hata kama litachokesha. Chuma kinachoingia katika ufizi kinagusa damu. Hepatiti B, hepatiti C na virusi vya SIDA vinaweza kupita pale. Kusuuza na maji, ama kupangusa na alkooli, hakutoshi. Vyuma vinapaswa kupikwa na mvuke wenye nguvu katika autoklavu, joto la 121°C kwa dakika 15 na zaidi, na munganga avae ganti mupya kwa kila mugonjwa. Uko na haki ya kuuliza: "Dokta, ile vyuma ilipikwa?" Akikasirika, simama uende. Wewe nawe umwambie kama uko na mimba, kama uko na sukari ya damu, kama moyo wako uko na ugonjwa, ama kama unakunywa dawa ya kuyeyusha damu.

Mama wa mimba, usikatazwe kusafishwa. Wakati wa mimba ufizi unavimba upesi zaidi kwa ukoga ule ule, na wazee wanasema ni kawaida, mutoto anakula meno ya mama. Mutoto hali meno. Kusafisha ni salama, na miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi kwa kukaa kitini. Na mutu wa sukari ya damu, ufizi mugonjwa unafanya sukari iwe ngumu kushuka, na sukari nyingi inaharibu ufizi. Ukitunza kimoja unasaidia kingine.

Kuko hali moja ambayo haingoji detartraji wala siku ya munganga kupita. Mutoto mudogo aliyekonda, ama aliyetoka kuugua surua, akianza kutoka damu ya ufizi, kunuka mudomo vikali, ufizi uwe wa kijivu ama uwe na kidonda, shavu livimbe: siku hiyo hiyo umupeleke kwenye sante. Inaweza kuwa noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. OMS iliuweka kati ya magonjwa yaliyosahauliwa katika mwezi wa 12 mwaka 2023. Ukishikwa mapema, dawa za antibiotiki, chakula na kusafisha mudomo vinausimamisha. Katika kambi za wakimbizi, mama wote wajue alama hizi.

Mutu anayesafishwa na kurudia desturi zake za zamani amepoteza franka. Ukoga unaanza kurudi siku ile ile. Kwa hiyo nyumbani: mara mbili kwa siku, na ile ya usiku usiiache hata ukichoka namna gani. Dakika mbili. Brosi laini, siyo ile ngumu ya kufua viatu. Uiegemeze kidogo kuelekea ufizi, uzungushe polepole, ufike nyuma ya meno ya chini. Dawa ya meno yenye floridi, kidogo sawa punje ya haragi kwa mutu mukubwa. Kwa mutoto wa chini ya miaka 3 sawa punje ya muchele, na hasa huko Sake na pande za volkano umuangalie asiimeze. Kila mutu brosi yake. Katika nyumba nyingi brosi moja inazunguka baba, mama na watoto watano. Ni afadhali kila mutu awe na kijiti chake. Kijiti si aibu: OMS yenyewe imekikubali. Chagua muti usio na utomvu mweupe, tafuna ncha mpaka iwe kama brosi, usugue juu mpaka chini, na ukitupe kikianza kuoza. Kati ya meno pitisha uzi. Maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa gilasi moja yanatuliza ufizi unaouma, lakini hayaondoi jiwe.

Je, usafishwe mara ngapi? Matangazo ya mijini yanasema kila miezi sita kwa kila mutu. Mwaka 2018 watafiti wa Cochrane walichunguza jambo hili. Wakaona kwamba kwa watu wazima wasio na ugonjwa mukubwa wa ufizi, kusafishwa kila miezi sita hakukuleta tofauti kubwa kwa miaka miwili mitatu. Mutu mwenye ufizi imara anayepiga brosi vizuri asikope deni kwa ajili hiyo. Mwenye mifuko na meno yanayocheza, huyo ndiye wa kurudi kila miezi michache. Kama franka ni kidogo nyumbani, zianze kwake.

Turudi sasa kwa ndugu yetu wa kwaya. Usikubali kung'oa meno ine mazima kwa mutu ambaye hakupima. Jino likisha kutoka halirudishwi, na meno ya kubandika huko Walikale ni habari nyingine. Kuanzia leo jioni piga brosi laini nyuma ya yale meno ine, hata kama damu inatoka. Muchanga na majivu uviache. Nenda kwa infirmiye wa sante, umuonyeshe, umuombe karatasi ya kukutuma kwa munganga wa meno, Goma ama mahali pa karibu zaidi wakati barabara iko salama. Ukifika, mwambie wazi: "Nimekuja kusafishwa ugaga, na kupimwa mifuko." Pengine atasema moja kati ya ine limekwisha. Likiwa hivyo, litoke hilo moja, na matatu yabaki. Usiku ule kula kitu laini, usivute sigara. Na baada ya juma mbili tatu uangalie tena katika kioo kama ufizi ungali unatoka damu, kiisha utuandikie tujue.